Wageni wa Juni na walezi wa mwaka mzima

Ikifika Juni, ndege zinazotua usiku kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro huwa na abiria wa aina mbili. Wapo waliobeba fimbo za kupandia mlima na viatu vizito. Wapo pia vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, wenye mabegi ya mgongoni yaliyojaa kalamu za rangi, puto na mipira isiyotiwa upepo. Vyuo vyao vya Ulaya na Marekani vimefungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi, nao wamekuja Arusha na Moshi kufundisha watoto maskini.

Kikwazo cha kwanza ni kalenda. Mwaka wa shule Tanzania huanza Januari, na muhula wa kwanza hufungwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Kijana yule anapotua na puto zake, bweni alilosoma habari zake lina kufuli mlangoni, magodoro yamesimamishwa ukutani yapate hewa, na watoto wako kwao Karatu, Ngaramtoni au Mirerani, wanachunga mbuzi na kuchota maji. Ndiyo maana wageni wengi wa Juni huishia kwenye vituo vya kulelea watoto. Huko hakuna kufunga shule, kwa kuwa watoto wa kituo wanahesabiwa kuwa hawana pa kwenda.

Nimeanza na kalenda makusudi. Mjadala wa kujitolea ng'ambo umezoea kuanzia moyoni: nani ana nia njema, nani anatafuta picha za kuweka mtandaoni. Mimi sina mizani ya kupimia nia za watu, na wengi wa vijana wale, ukikaa nao, utakuta ni watu waungwana waliochangisha nauli kwa kuosha magari na kuuza keki kanisani kwao. Kalenda ndiyo inayosema wazi ziara ilipangwa kwa kufuata mahitaji ya nani.

Godoro, ndoo na jembe

Bweni kwa mtoto wa maskini ni kitu kikubwa kuliko kitanda. Anayesoma akitokea nyumbani kwenye chumba kimoja cha kupanga ana kibatari au hana, ana mdogo wake mgongoni, ana ndoo ya maji kabla ya jua kuchomoza na sinia la maandazi la kuzungusha mtaani jioni. Akiwa msichana, anaongeza kilomita za njia na wanaomsubiri njiani. Bweni linampa mlo unaofika saa ileile kila siku, taa ya kusomea usiku, na saa tatu nne ambazo hakuna anayemtuma.

Serikali iliondoa ada kuanzia Januari 2016, kutoka elimu ya awali hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ikaongeza Kidato cha Tano na cha Sita. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kupokea fomu ya kujiunga na shule ya bweni anajua kwamba ada ilikuwa mstari mmoja tu kati ya mingi. Kuna godoro, shuka jozi mbili, chandarua, ndoo, jembe, fyekeo, fagio, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kamba, sanduku la bati na kufuli yake. Nauli ya basi haimo kwenye fomu, lakini imo mfukoni. Mtoto anaweza kufaulu vizuri, akapangiwa shule, na safari yake ikaishia kwenye orodha hiyo. Shule za bweni za hisani zilizaliwa kwenye pengo hilo: zinamchukua mtoto pamoja na orodha yake.

Iliyo mashuhuri kuliko zote kwetu ni Shule ya St Jude, Moshono, nje kidogo ya mji wa Arusha. Habari zake zimesimuliwa mara nyingi, kwa kawaida kama kisa cha mwanamke mmoja wa Australia mwenye moyo mkubwa. Gemma Rice alikulia kwenye shamba la kondoo karibu na mji mdogo wa Guyra, jimbo la New South Wales, akiwa msichana pekee kati ya ndugu wanane. Mwaka 1994, akiwa na miaka 22, alikwenda Uganda kufundisha kwa kujitolea katika shule ya wasichana iliyokuwa chini ya masista. Alikaa miaka mitatu. Katika safari ya kuizuru Tanzania alikutana na Richard Sisia, dereva wa watalii, wakaoana. Baba mkwe wake, mzee Daniel Sisia, akatoa kipande cha ardhi. Wanachama wa Rotary kutoka Armidale, mji ulio jirani na kwao, wakaja kusaidia kujenga madarasa ya kwanza. Januari 2002 shule ikafunguliwa ikiwa na watoto 3 na mwalimu mmoja. Sasa ina wanafunzi wapatao 1,800 kati ya Moshono na Usa River, na tangu mwaka 2020 ina sekondari ya wasichana peke yao.

Nikikisoma kisa hiki, moyo mkubwa siupuuzi, ila macho yangu huenda kwenye mambo mawili yanayopitwa haraka. La kwanza ni ile miaka mitatu ya Uganda. Mwalimu aliyekaa miaka mitatu amewaona wanafunzi wake wakifeli mtihani aliowafundishia yeye mwenyewe, na hilo hufunza unyenyekevu ambao wiki tatu haziwezi kuufunza. La pili ni ardhi. Kwa mila za watu wa mlimani, mkamwana aliyepewa kiwanja na baba mkwe hahesabiwi tena kuwa mgeni. Ana shemeji, ana wifi, ana majirani wa mpaka. Akikosea anaweza kuitwa kikaoni, na hawezi kusema ndege yake inaondoka kesho.

Namna shule ile inavyochagua watoto nayo inaeleza mengi. Wanaotoka shule za serikali hufanya mtihani, kisha wanaofaulu hufuatwa majumbani, na wafanyakazi wa shule huangalia kwa macho yao ukuta ni wa nini, paa ni la nini, taa ipo au haipo. Anachukuliwa mtoto mmoja kwa kila familia. Kaka yake, ambaye pengine ana akili vilevile, anabaki. Sijui kama kuna utaratibu wenye haki zaidi, ila najua kwamba kazi ya kuingia kwenye chumba cha mtu na kuamua kama ni maskini vya kutosha haifai kupewa mtu asiyetambua kwamba ng'ombe wawili pale nje wanaweza kuwa wa jirani. Kazi hiyo wanaifanya Watanzania. Darasani pia wanafundisha Watanzania, na mikono ya kigeni imesogezwa nyuma: kuwanoa walimu, kuandikiana na wafadhili, kupanga kumbukumbu. Fedha bado zinatoka sana Australia, na huo ni udhaifu usiofichika. Mwaka mbaya kwa wafadhili wa huko unaweza kusikika kwenye jiko la Moshono.

Baada ya taa kuzimwa

Wageni huonyeshwa shule mchana. Huonyeshwa darasa, maktaba, uwanja, na kwaya ikiimba. Mimi ningemwambia mtu anayetaka kujua kama shule ya bweni ni nzuri aulizie usiku. Nani yuko zamu baada ya taa kuzimwa saa nne, anaitwa nani, amefanya kazi hapo miaka mingapi, na analipwa vipi?

Huyo ni matroni kwa wasichana, patroni kwa wavulana. Shule nyingine humwita mama mlezi. Hana cheti cha kujivunia, na mara nyingi mshahara wake ndio wa mwisho kwenye orodha, jirani na wa mlinzi. Yeye ndiye anayejua ni mtoto gani analia wiki ya kwanza na gani hulia wiki ya tatu, akishachoka kujifanya jasiri. Anajua anayeogopa kulala juu kwenye kitanda cha dabodeka kwa kuwa kwao wanalala chini, kwenye ngozi. Anajua anayekojoa kitandani, na anajua kumwamsha saa nane usiku, na siku ikishindikana, anajua namna ya kulitoa godoro nje kabla wengine hawajaamka. Anamjua anayeficha kiporo cha ugali chini ya mto, akiwa haamini kwamba kesho kitapikwa kingine. Mapunye, chawa, upele, homa inayopanda usiku na dereva hapatikani, hedhi ya kwanza ya binti asiye na mama: yote ni yake. Mjomba akipiga simu kusema baba wa fulani amefariki, simu hupigwa kwake, naye ndiye anayeamua amwambie mtoto usiku ule au amwache alale mpaka asubuhi.

Hakuna katika hayo ambalo mtu aliyefika Jumatatu anaweza kulifanya, awe Mzungu au Mchaga. Kijana wa Manchester asiyejua Kiswahili, achilia mbali Kimaasai au Kiiraqw, hata kama ana moyo wa dhahabu, hawezi kutofautisha ukimya wa mtoto mwenye adabu na ukimya wa mtoto mgonjwa. Na bado, bwenini ndiko wageni wengi wanakotamani kufika, kwa sababu ndiko watoto wanakokumbatia.

Hapo kwenye kukumbatia pana jambo la kutazamwa kwa makini. Mtoto mdogo anayemkimbilia mgeni asiyemfahamu, akamrukia mapajani na kumshika shingo, mgeni humwona mtoto mwenye upendo. Mama yeyote wa uswahilini angeshtuka. Mtoto wa kawaida wa miaka minne akimwona mgeni hujificha kwanza nyuma ya kanga ya mama yake, akachungulia. Wataalamu wanaotafiti watoto waliolelewa kwenye taasisi wameliona jambo hili kwa miongo mingi: mtoto ambaye walezi wake hubadilika ovyo hujifunza kumpenda yeyote kwa haraka na kutomtegemea yeyote. Mwaka 2010 Linda Richter na Amy Norman waliandika juu ya watalii waliokuwa wakimiminika kusini mwa Afrika kuwalea kwa wiki chache watoto walioachwa yatima na UKIMWI, wakaonya kwamba kila mgeni anayependwa na kuondoka humrudisha mtoto kwenye kuachwa upya.

Shule ya bweni na kituo cha yatima ni vitu viwili, na wanaovichanganya hukosea. Mwanafunzi wa bweni ana kwao. Ana likizo, ana siku ya kutembelewa, ana shangazi anayekuja na chapati kwenye kikapu. Lakini mstari huo ni mwembamba kuliko tunavyopenda. Nchini Kambodia, UNICEF iligundua kwamba karibu watoto watatu kati ya wanne waliokuwa kwenye vituo vya yatima walikuwa na angalau mzazi mmoja aliye hai. Vituo viliongezeka kwa kufuata watalii, na wazazi maskini wakaambiwa kwamba kule kuna shule. Bunge la Australia, nchi inayotuma vijana wengi kujitolea, lilifanya uchunguzi mwaka 2017 likielekea kwenye Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya 2018, na likalijadili suala la watoto kuchukuliwa makwao kwa ajili ya kujaza vituo vinavyotembelewa na wageni. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la haki za mtoto lililozitaka nchi zizuie madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima.

Kwa upande wetu, uamuzi mzito zaidi ulitoka bila kumlenga mgeni yeyote. Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka unaozuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi Darasa la Nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wenye shule binafsi walilalamika, na baadhi ya wazazi wanaofanya kazi mbali walilalamika zaidi. Kenya ilikuwa imejaribu jambo linalofanana miezi michache kabla, Novemba 2022, wizara ilipotangaza kwamba bweni lingeondolewa kwenye madarasa ya chini, na zogo likawa kubwa. Mimi niko upande wa waraka. Mtoto wa miaka sita anahitaji mtu mmoja anayemjua kwa harufu, na hakuna bweni, la matajiri au la hisani, linaloweza kumwajiri mtu huyo kwa kila mtoto.

Siku ya tatu

Wazee wetu walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakamkabidhi jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hiyo mwaka 1962 alipokuwa akieleza ujamaa wake. Kinachosahaulika ni kwamba jembe lilikuwa la mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyeonyesha shamba lilipo na mpaka wake uko wapi. Mgeni wa siku hizi huja na jembe lake, na shamba amelichagua kabla hajapanda ndege.

Haikuwa hivyo daima. Marekani ilipoanzisha Peace Corps mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kupokea vijana wake, na waliotangulia kufika walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Sababu ni rahisi: serikali iliomba watu wa barabara. Walimu walifuata baadaye. Mambo yalipoharibika mwaka 1969 vijana wale waliondoka, wakarudi mwaka 1979. Mpaka leo mwalimu wa hisabati au fizikia wa Peace Corps hukaa miaka miwili kwenye sekondari ya serikali, na kabla ya kuingia darasani hupitishwa miezi kadhaa ya mafunzo, akiishi na familia na kujifunza Kiswahili mpaka aweze kununua nyanya bila kuibiwa. Si wote waliokuwa walimu wazuri. Lakini ndani ya miaka miwili mkuu wa shule ana muda wa kumjua, kumkanya, na hata kuomba abadilishwe.

Kwa shule za bweni za hisani, kazi za mgeni zipo, na nyingi hazipigiki picha. Maktaba ni mfano. Shule kibao zina makasha ya vitabu vilivyofika kwa kontena, humo ndani kuna historia ya majimbo ya Marekani na hadithi za watoto wanaojenga mtu wa theluji, na hakuna aliyewahi kuvipanga. Mkutubi mstaafu akikaa miezi minne na msaidizi wa maktaba wa shule, wakavitenga vinavyofaa na visivyofaa, wakaviandika kwenye daftari la kuazima, wakawaonyesha walimu namna ya kuvitumia, maktaba itaendelea kufunguliwa akishaondoka. Maabara vilevile: mashine zilizokaa stoo kwa kukosa fyuzi, kemikali ambazo lebo zimefutika. Mhasibu anayeweza kufundisha kijana wa ofisini kutengeneza hesabu ambazo mfadhili atazielewa huenda akawa na faida kuliko walimu wa Kiingereza kumi. Daktari wa meno kwa wiki mbili, sawa. Jino likishang'olewa halihitaji mahusiano.

Kiingereza chenyewe kina wakati wake. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hufika Kidato cha Kwanza na kukuta baiolojia, jiografia, kila kitu, kimegeuka Kiingereza. Wiki zile za mwanzo ndizo ambazo watoto wenye akili hunyamaza na kuanza kujiona wajinga. Mtu mwenye Kiingereza safi na subira, akifanya kazi bega kwa bega na mwalimu wa darasa, anaweza kuokoa mwaka mzima wa mtoto. Wiki hizo ni za mwanzo wa mwaka wa masomo. Likizo ya kiangazi ya Ulaya haikutani nazo.

Na kuna karatasi. Viza ya utalii hairuhusu mtu kufundisha, hata bila malipo. Wanaojitolea wamewekewa kibali cha ukaazi Daraja C, pamoja na watafiti, wanafunzi na wamisionari. Shule inayomwambia mgeni aseme pale Uhamiaji kwamba amekuja kuona wanyama imeshamfundisha kitu juu yake yenyewe. Hati ya polisi ya mwenendo kutoka kwao nayo isionewe aibu kuombwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda mtoto bila kuuliza anayemkaribia ametoka bara gani, lakini wakuu wa shule wengi, ambao wangemhoji mpishi mpya wa Kitanzania nusu siku, humpokea mgeni wa ng'ambo kwa shada la maua.

Hesabu ya nauli

Husemwa mara nyingi kwamba nauli ya mgeni mmoja ingelipa mshahara wa matroni kwa miezi kadhaa, hivyo bora angetuma fedha akabaki kwao. Hesabu ni sahihi, ila inadhani kwamba fedha zile zingetumwa. Hazingetumwa. Mtu huchangisha ili aende, na akishafika ndipo huwa mfadhili. Shule kama St Jude zisingekua bila watu waliokuja kutazama, wakarudi kwao na majina ya watoto, wakalipa mwaka baada ya mwaka. Ninaona kwamba mgeni wa aina hiyo ajiite mgeni: atembezwe, ale makande na wanafunzi, aulize maswali, aondoke. Hakuna ubaya. Ubaya huanza pale anapopewa darasa la Hesabu la Kidato cha Pili ili ajisikie amefanya kazi, na mwalimu wa somo akakaa ofisini akisubiri amalize.

Shule inayotoza wageni ada ya kujitolea na kuigeuza kuwa chakula cha watoto iko kwenye hatari nyingine, na Machi 2020 hatari hiyo ilionekana wazi. Tarehe 15 Peace Corps ilitangaza kuwarudisha nyumbani watu wake wote duniani, wapatao 7,000. Tarehe 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule nchini. Kidato cha Sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Wageni hawakurudi kwa muda mrefu baada ya hapo. Shule zilizokuwa zimewaweka pembeni, kwenye maktaba na ofisini, zilikosa mikono. Zilizokuwa zimewaweka jikoni, maana yake ada zao ndizo zilizonunua mahindi na maharage, zilikosa chakula.

Wanaokwenda njia nyingine

Kinachonivutia zaidi siku hizi ni zamu kugeuka. Wanaomaliza Kidato cha Sita St Jude, ambao wa kwanza walihitimu mwaka 2015, hupewa nafasi ya kutumikia jamii karibu mwaka mmoja kabla ya chuo kikuu, na wengi hupelekwa kufundisha sayansi na hisabati kwenye shule za serikali za jirani zenye upungufu wa walimu. Fikiria darasa hilo: mbele amesimama kijana aliyewahi kukaa kwenye madawati yaleyale, anayejua kwamba wa nyuma kushoto anasinzia kwa njaa na si kwa uvivu, na akishindwa kueleza kwa Kiingereza anateremka kwenye Kiswahili bila kuomba radhi. Wazazi wanamjua mama yake.

Wazo si geni Afrika Mashariki. Starehe ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo katika vibanda viwili vya bati kwa ajili ya wavulana wa mitaani, iliwazoesha wanafunzi wake mapema kwamba aliyesomeshwa bure ana zamu ya kutumika bure. Griffin mwenyewe alizaliwa Kenya, na alibaki Starehe mpaka alipofariki mwaka 2005.

Kuna pia njia ya tatu. Mwaka 2008 Ujerumani ilianzisha mpango wa weltwärts, unaowapeleka vijana wake kujitolea nchi za Kusini, Tanzania ikiwa mojawapo. Kwa miaka mitano mlango ulifunguka upande mmoja. Mwaka 2013 ukafunguliwa wa pili, na vijana wa Kusini, wakiwemo Watanzania, wakaanza kwenda kujitolea Ujerumani, kwenye chekechea, shule na nyumba za wazee.

Kijana wetu wa Kidato cha Sita akifika kule hujifunza Kijerumani. Sheria inadai hati ya polisi kwa wanaofanya kazi na watoto, na inasema pia kwamba anayejitolea asichukue nafasi ya mfanyakazi wa mshahara. Kwa hiyo anapewa msimamizi. Anakata matunda, anafunga kamba za viatu, anafuta meza, anakaa sakafuni watoto wakimsahihisha matamshi. Darasa hapewi. Umri wake na cheti chake ni sawasawa na vya yule aliyetua Kilimanjaro na puto, na hakuna anayehisi kwamba amedharauliwa. Wakuu wa shule wa Arusha na Moshi ambao sasa hivi wanapokea barua za maombi ya Juni ijayo wanaweza kumtafuta mmoja wa vijana hao waliorudi, wakamuuliza siku yake ya kwanza kazini ilikuwaje, na ilichukua miezi mingapi kabla hajaachwa peke yake na mtoto.